Kiti cha Nyuma Kiwe na Pedali

Hakuna askari wala polisi aliyepata kutumikia mpaka wa Busia au Malaba asiyeijua baiskeli ya bodaboda. Jina lenyewe lilizaliwa huku kwetu. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Busia walikuwa wakiwabeba wasafiri katika ule mwendo ulio kati ya ofisi za Uganda na ofisi za Kenya, wakinadi safari zao kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Neno hilo, kwa kurudiwa mara mbili na kwa kupita vinywani mwa watu wengi, likawa bodaboda. Leo pikipiki zimeshika sehemu kubwa ya kazi hiyo, na jina limeenea Afrika Mashariki nzima. Lakini sisi tulio hapa Mwello, penye njia za Tororo na Busia, hatujasahau kwamba chanzo chake kilikuwa baiskeli, mto mdogo uliofungwa juu ya karia, na miguu ya kijana mmoja yenye nguvu.

Yafaa tuitazame vizuri baiskeli ile. Aliye mbele ndiye afanyaye kazi yote. Aliye nyuma amekaa, miguu yake inaning'inia, na akifika aendako huteremka, hulipa, huondoka. Kwa msafiri mwenye haraka mpango huo ni mwema kabisa. Lakini yapo maisha ya binadamu ambayo nayo yamepangwa namna ile ile, na hapo ndipo tunapotaka kusimama na kusema neno. Tunasema juu ya askari na polisi waliopoteza macho katika kazi, ambao aghalabu tunawabeba kwa upendo na kwa heshima, lakini tunawabeba kama abiria wa bodaboda.

Iko baiskeli ya namna nyingine. Ni ndefu, ina magurudumu mawili kama baiskeli yoyote, lakini ina viti viwili, mikono miwili ya kushikia na jozi mbili za pedali. Katika michezo ya watu wenye ulemavu, mbele huketi mtu mwenye macho mazima, naye huitwa rubani. Nyuma huketi mshindani asiyeona, au aonaye kidogo sana. Rubani hushika usukani na kuiangalia njia. Aliye nyuma hana usukani wowote, maana ile mikono aishikayo haigeuki. Lakini pedali zake zimeunganishwa kwa mnyororo na pedali za mwenzake. Zikizunguka za mbele, zinazunguka na za nyuma. Mmoja akilegea, mwenzake huhisi uzito wake mara moja katika mapaja. Hapana njia ya kusinzia juu ya baiskeli hiyo.

Tena zile za mbio za uwanjani ni ngumu zaidi. Uwanja huo ni duara ya mbao yenye urefu wa mita 250, na kwenye kona zake sakafu imeinuka kama ukuta. Baiskeli yake haina breki, wala haina gia za kubadilisha. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedali nazo huzunguka, hata mpandaji akitaka kupumzika. Fikirini basi, ndugu askari, mtu asiyeona anapandishwa juu ya chombo hicho, anaambiwa akanyage kwa nguvu zake zote, na mbele yake kuna mgongo wa mtu ambaye hauoni. Hicho ni kipimo cha imani ambacho hata katika jeshi si kila mtu angekifaulu.

Mmoja wa waliokifaulu ni Bibi Aileen McGlynn wa Uskoti. Alizaliwa mwaka 1973 katika mji wa Paisley, karibu na Glasgow, na tangu utoto macho yake yaliona kidogo tu. Mwaka 2004, katika Michezo ya Paralimpiki ya Athens, yeye na rubani wake Ellen Hunter walitwaa medali ya dhahabu katika mbio za kilomita moja, ambamo baiskeli huanza ikiwa imesimama na kushindana na saa. Katika mbio za kasi walipata fedha. Miaka minne baadaye, mwaka 2008, wanawake hao wawili walikwenda Beijing wakarudi na dhahabu mbili: ya kilomita moja, na ya mbio za kufukuzana, ambamo baiskeli mbili huanza pande mbili za uwanja na kila moja humwinda mwenzake.

Mwaka 2012 mashindano yalifanyika London. Rubani wa Bibi McGlynn sasa alikuwa mwingine, Helen Scott, na pamoja walipata fedha moja na shaba moja. Mwaka 2014, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Glasgow, karibu kabisa na mji aliozaliwa, alipanda na Louise Haston wakapata fedha mbili. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 41. Miaka kumi, marubani watatu, na kiti ni kile kile cha nyuma. Tunawaomba wasomaji wazingatie jambo hilo. Rubani alibadilika kama kamanda wa kikosi anavyobadilika kwa uhamisho, na kila alipokuja mpya ilibidi waanze tena kujifunza pumzi ya mwenzake, jinsi anavyoanza, jinsi anavyoegemea kona. Aliyedumu ni yule asiyeona vizuri. Mbio zile zilikuwa kazi yake mwenyewe, na rubani alikuja kuifanya pamoja naye.

Mskoti mwingine, Bwana Neil Fachie wa Aberdeen, ana habari inayowahusu hasa vijana wetu. Ugonjwa wa kurithi ulikuwa ukimpunguzia macho polepole. Alianza kwa mbio za miguu, na mwaka 2008 alikimbia Beijing bila ya kupata medali. Wengi wangeishia hapo. Yeye aliacha viatu vya mbio akapanda baiskeli ya watu wawili, na mwaka 2012 mjini London akapata dhahabu ya kilomita moja pamoja na rubani Barney Storey. Katika Paralimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, yeye na Matt Rotherham walikwenda kilomita hiyo moja kwa sekunde 58.038, ambayo ilikuwa rekodi mpya ya dunia. Maana yake ni mwendo wa wastani unaozidi kilomita 60 kwa saa, kwa nguvu za miguu minne, kutoka kwenye kusimama. Siku ile ile, muda mfupi kabla yake, mke wake Lora Fachie, ambaye naye haoni, alikuwa amepata dhahabu yake pamoja na rubani Corrine Hall.

Na iko kanuni katika mchezo huu ambayo tunaipenda kuliko zote: baiskeli ikishinda, medali hutolewa mbili. Rubani huvikwa yake na mwenzake huvikwa yake, kwa kuwa wote wawili wamefika kwenye mstari kwa wakati mmoja.

Asije mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya yenye viwanja vya mbao na fedha nyingi. Afrika Mashariki nayo ina watu wake. Jirani yetu Kenya amemzaa Henry Wanyoike, ambaye mwaka 1995, akiwa kijana, alipatwa na kiharusi kikamwondolea macho. Mwaka 2000 huko Sydney alishinda mbio za mita 5,000 za wasioona, na karibu na mwisho ni yule kiongozi wake mwenye macho aliyeishiwa nguvu, hata Wanyoike akalazimika kumsukuma mpaka wakavuka mstari. Mwaka 2004 alishinda tena huko Athens, safari hii mita 5,000 na mita 10,000, akiongozwa na Joseph Kibunja.

Yuko pia Douglas Sidialo. Huyu alipoteza macho yake yote mawili tarehe 7 Agosti 1998, siku bomu lilipolipuka kwenye Ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Hakuwa askari. Alikuwa mwananchi aliyekuwa katika shughuli zake. Lakini jeraha alilolipata ni la vita, kwa kuwa bomu halibagui sare. Tangu siku hiyo amepanda Mlima Kilimanjaro, na ameketi katika kiti cha nyuma cha baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo mpaka Cape Town, yaani bara zima kutoka kichwa mpaka miguu. Na mwaka 2024, katika Michezo ya Paralimpiki ya Paris, Kennedy Ogada aliiwakilisha Kenya katika mbio za baiskeli ya watu wawili. Njia basi imekwisha kufunguliwa, na imefunguliwa na jirani ambaye kati yetu naye hapa Busia kuna lango tu.

Sasa tuseme kwa nini habari hii inawahusu wenye sare.

Kwanza, michezo ya watu wenye ulemavu ilianzia kwa askari. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, daktari Ludwig Guttmann aliwapanga askari 16 waliojeruhiwa, wanaume na wanawake, katika uwanja wa hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, wakashindana kutupa mishale wakiwa juu ya viti vya magurudumu. Kutokana na mashindano hayo madogo ya wagonjwa ndiko ilikozaliwa Paralimpiki. Kabla ya hapo, mwaka 1915, mwenye magazeti Arthur Pearson, ambaye mwenyewe alikuwa amepofuka, alianzisha London nyumba ya kuwafundisha kazi askari waliopoteza macho katika vita ya kwanza ya dunia, na walifundishwa hata kupiga makasia.

Uganda nayo imepata kuonja tunda la mti huo. Mwaka huo huo wa 1915 kijana mmoja wa New Zealand, Clutha Mackenzie, alipofuka katika mapigano ya Gallipoli. Hakwenda kukaa kivulini. Alizunguka dunia akiwatumikia wasioona, na katika miaka ya 1950 alikuja hapa Uganda akafanya kazi kubwa katika Shirika la Wasioona la Uganda. Askari aliyeumia katika vita ya watu wengine, nchi ya mbali, ndiye aliyesaidia kuwafundisha vipofu wa vijiji vyetu. Kama mtu huyo angewekwa juu ya karia akabebwa maisha yake yote, ni wangapi wangekosa faida?

Pili, jambo hili halijapita. Askari wa Uganda waliingia Somalia mwezi Machi 2007, na wa Kenya waliingia mwaka 2011. Adui wa huko hupenda kutega mabomu njiani, na bomu la namna hiyo, hata likikosa kuua, huchukua miguu, masikio na macho. Polisi nao hawakusalimika. Mwezi Novemba 2021 bomu lililipuka karibu na Kituo Kikuu cha Polisi mjini Kampala. Kila mwenye kuvaa sare hana budi kujua kwamba kiti cha nyuma kinaweza kuwa chake kesho.

Tunajua lisemwalo. Husemwa kwamba askari aliyepofuka amekwisha kutoa sehemu yake, sasa aachwe apumzike, apewe haki zake za malipo, na jamaa zake wamtunze. Hatupingi malipo. Malipo ni deni, na deni hulipwa kwa wakati. Lakini mtu wa miaka 25, aliyekuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kwa paredi, hawezi kulishwa kwa malipo peke yake. Mwili wake umezoea amri, jasho na wenzake. Ukimwondolea vyote vitatu kwa siku moja, umemjeruhi mara ya pili, na jeraha hili halina cheti cha daktari. Mapumziko yasiyo na mwisho ni adhabu, hata yakitolewa kwa huruma.

Husemwa pia kwamba baiskeli hizo ni ghali. Zile za mashindano makubwa ni ghali kweli. Lakini ya kuanzia si jambo la kutushinda. Tororo na Busia zina mafundi wa kuchomelea ambao wamekwisha kutengeneza milango, matela na mikokoteni ya kila namna. Fundi wa namna hiyo, akipewa fremu mbili madhubuti, mnyororo wa ziada na mchoro mzuri, anaweza kutengeneza chombo cha kufanyia mazoezi barabarani. Na marubani hawatafutwi mbali. Mpaka huu una vijana waliokua wakibeba gunia la mahindi na mama na mtoto juu ya baiskeli moja. Mapaja hayo yakipewa mwalimu, yanaweza kwenda popote.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne, nayo yote yamo katika uwezo wetu.

La kwanza, askari au polisi aliyepoteza macho aonwe na ofisa wa michezo kabla hajatoka hospitali, kama anavyoonwa na ofisa wa malipo. Aambiwe michezo iliyo wazi kwake, achague mwenyewe, na jina lake liandikwe.

La pili, kila kambi kubwa na kila chuo cha polisi kiwe na baiskeli ya watu wawili walau moja, itunzwe katika ghala kama kifaa kingine chochote cha kazi, na awepo mtu wa kuulizwa habari zake.

La tatu, marubani wachaguliwe kutoka miongoni mwetu. Wasichaguliwe kwa nguvu za miguu peke yake. Rubani lazima awe mtu wa kusema mapema na kusema kweli: tuta linakuja, kona kulia, tunapunguza mwendo, lori liko nyuma. Akinyamaza, mwenzake huumia. Akidanganya mara moja, hataaminiwa tena. Katika chuo cha kadeti tulifundishwa kutembea usiku bila taa, kila mtu ameshika mkoba wa mwenzake aliye mbele, na neno la shimo au jiwe likipitishwa kwa kunong'ona kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho. Aliyesahau kulipitisha neno alikuwa na hatia kubwa kuliko aliyeanguka. Sifa anayotakiwa kuwa nayo rubani ni ile ile anayotakiwa kuwa nayo kamanda wa seksheni, na kwa hiyo muda wa mazoezi yake uhesabiwe kuwa ni muda wa kazi.

La nne, majeshi ya Afrika Mashariki yamekwisha kuwa na michezo yao ya pamoja. Mbio za baiskeli ya watu wawili ziingizwe humo, na mbio za kwanza za majaribio zifanyike hapa mpakani. Tangu Februari 2018, marais wa nchi zetu mbili walipozindua kituo cha pamoja cha mpaka wa Busia, msafiri humaliza shughuli za nchi mbili mahali pamoja. Basi baiskeli za Kenya na za Uganda zianzie hapo, zielekee Tororo, na wananchi wa pande zote wajipange njiani kushangilia.

Hapo tuna neno kwa ndugu zetu wa trafiki. Njia za Busia na Malaba zimejaa malori marefu, na madereva wengine hawaiheshimu baiskeli hata kidogo. Mtu asiyeona hawezi kuruka pembeni aonapo hatari, maana haioni. Siku za mazoezi polisi watangulie na wafuate, wapandaji wavae kofia ngumu, na dereva atakayewabana ashughulikiwe kisheria. Kazi hiyo ni ulinzi kama ulinzi mwingine.

Wala hatuombi hisani. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara ya 30 ya mkataba huo inataja waziwazi haki yao ya kushiriki katika michezo sawasawa na watu wengine. Serikali imetia sahihi. Lililobaki ni kazi ya mikono yetu.

Ndugu askari, ndugu polisi, wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Miguu miwili nayo haikutosha kuifikisha Uskoti kwenye dhahabu zile. Ilihitajiwa minne, na miwili kati ya hiyo ilikuwa ya mtu asiyeona. Katika vijiji vya Tororo, Busia na kwingineko wapo wenzetu waliovaa sare hizi hizi, ambao leo wamekaa barazani wakisikiliza baiskeli za watu wengine zikipita njiani. Tumekuwa tukiwatembelea sikukuu na kuwapelekea sukari na sabuni. Tuendelee kuwapelekea. Lakini safari ijayo twende na baiskeli ndefu, tuketi mbele, na tuwaambie waweke miguu juu ya pedali.